Jina la chuo halimwandikii mteja ushauri

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu mzazi aliyeandika wiki mbili zilizopita kuhusu binti yake. Binti amepata nafasi mbili za kusomea shahada ya sheria. Moja ni ya chuo ambacho kila anayekisikia hunyamaza kwa heshima, ila familia italazimika kukopa. Nyingine ni ya chuo kisicho na jina, kilichokubali kumlipia masomo yote. Mzazi aliuliza: waajiri wanaangalia nini? Wasomaji watatu waliomjibu juma lililofuata walikubaliana kwamba kwenye sheria jina la chuo ndilo kila kitu, na mmoja wao akamshauri auze alicho nacho ili binti aende kwenye jina. Barua hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi, kwa sababu mimi ni mmoja wa hao waajiri wanaosemewa.

Ni wakili. Kwa miaka 19 nimekaa kwenye jopo linalochagua wahitimu wanaokuja kufanya mafunzo ya uwakili katika kampuni yetu, na kwa miaka 11 ya mwisho maombi yote yanapita mikononi mwangu kabla hayajafika kwa wenzangu. Ninayoyaandika hapa sikuyasikia kwa mtu.

Nianze na jambo ambalo sijawahi kuliandika popote. Miaka yangu ya mwanzo kwenye jopo nilichagua watu kwa majina ya vyuo vyao. Nafasi zilikuwa nne, maombi yalizidi 300. Mchana nilikuwa mahakamani, kwa hiyo niliyasoma usiku, na nilikuwa nimepewa siku mbili. Piga hesabu: ukilitengea kila ombi dakika tano tu, unahitaji saa 25. Sikuwa nazo. Nikafanya anachofanya mtu aliyechoka, nikatafuta kitu kimoja kinachoonekana haraka, na jina la chuo huandikwa juu kabisa. Vyuo vinne au vitano nilivyovijua niliviweka kulia. Vingine vyote kushoto. Vya kulia nilivisoma, vya kushoto nilivipitishia macho.

Sikujiona natenda ubaya. Nilijiambia kwamba vyuo vile vimeshanichujia, kwamba anayeingia pale hawezi kuwa mzembe. Na kwa kiasi fulani ni kweli, kuingia pale si kazi ndogo. Lakini nilichokuwa nikikipima hasa ni jinsi mtu alivyofanya mitihani akiwa na miaka 18, na kama kwao kulikuwa na mtu wa kumlipia mwalimu wa ziada. Miaka minne ya baada ya hapo, ile ya kusoma sheria yenyewe, sikuigusa.

Kilichonibadilisha kilikuwa ajali. Mwaka mmoja mashine ya ofisini ilichapisha maombi yote bila kurasa za kwanza. Nilipokea rundo la kurasa za pili na za tatu: barua za maombi, insha, maelezo ya kazi walizowahi kufanya. Muda haukuruhusu kusubiri. Nikasoma hivyo hivyo, nikateua 12 wa kuitwa kwenye usaili. Kurasa za kwanza zilipofika asubuhi iliyofuata nikakuta watano kati ya 12 wametoka katika vyuo ambavyo mwaka uliotangulia ningeviweka kushoto. Watano! Nilikaa na ile orodha nikiwaza miaka iliyopita, na ni wangapi niliowapitishia macho. Mmoja wa wale watano ndiye leo ninayempa rasimu zangu azikague kabla hazijatoka ofisini.

Iliniuma zaidi kwa sababu yalishanikuta na mimi. Nilipohitimu, kutoka chuo kidogo, niliitwa kwenye usaili wa kampuni moja kubwa. Aliyenihoji alisoma mstari wa kwanza wa wasifu wangu, akainua uso na kuniuliza, "Hiki chuo kinatambulika kweli?" Nikajibu kwamba kinatambulika. Usaili ule ulikwisha ndani ya dakika saba. Nakumbuka kwa sababu saa ya ukutani ilikuwa nyuma ya kichwa chake. Niliapa siku ile kwamba sitamfanyia hivyo mtu yeyote, kisha nikaja kuwafanyia mamia, bila hata kuwapa hizo dakika saba.

Tangu ile ajali ya mashine, jina la chuo tunalificha. Karani anaweka namba, na wasomaji wa jopo hawaoni jina la mtu wala la chuo hadi mwisho. Kila anayeteuliwa anapewa zoezi la dakika 40: ukurasa mmoja wa mkataba wa pango, maelezo mafupi ya mpangaji aliyehama kabla ya muda, na swali moja kutoka kwa mpangaji huyo, "Nilipe au nisilipe?" Jibu lisizidi nusu ukurasa, na liandikwe kwa mtu ambaye hajasoma sheria.

Sitasema kwamba vyuo vidogo vinashinda. Iko miaka ambayo watatu kati ya wanne tuliowachukua walitoka vyuo vyenye jina, na walistahili. Ninachosema ni kwamba kabla ya kuwapa zoezi sijui, na jina haliniambii. Nimesoma jibu la kijana aliyetaja kesi 11, zote sahihi, na hakuna mahali alipomwambia mpangaji alipe au asilipe. Wengi huanza na historia ya sheria ya mikataba, wanafika kwenye swali nafasi imekwisha. Mwaka mmoja nikapata jibu la sentensi sita. Lipa kiasi hiki, usilipe kile, sababu ni kifungu hiki, na usimwandikie mwenye nyumba lolote hadi tuonane, lakini tuonane kabla ya Ijumaa kwa sababu siku hiyo ndiyo mwisho wa muda wa notisi. Ile tarehe ilikuwa imejificha katikati ya aya ya tatu. Katika kundi lile la watu 12, yeye peke yake ndiye aliyeiona. Tulipofunua namba tukakuta ni mwanamke aliyesoma sheria kwa masafa, huku mchana akifanya kazi ya ukarani masjala ya mahakama. Bila shaka huko masjala alishaona watu wakipoteza haki zao kwa kuchelewa siku moja. (Wanaodharau masomo ya masafa wakumbuke pia kwamba Nelson Mandela na Oliver Tambo walifungua ofisi yao ya uwakili Johannesburg mwaka 1952, ilhali shahada ya sheria Mandela aliipata mwaka 1989, akiwa bado mfungwa, kwa masomo ya posta ya UNISA, yaani Chuo Kikuu cha Afrika Kusini.)

Sasa nimweleze mzazi upande wa pili, maana nisingependa adhani namfariji. Jina la chuo lina nguvu, tena kubwa, pale ambapo wengi wanagombea nafasi chache na hakuna aliyewahi kumwona mwombaji akifanya kazi: kampuni kubwa za sheria za kibiashara zenye ofisi katika nchi nyingi, nafasi za kumsaidia jaji wa mahakama ya juu katika utafiti wa kesi, na ualimu wa chuo kikuu. Ukienda kutafuta kazi nchi ya mbali ambako hakuna anayekijua chuo chako, hapo napo jina hukutangulia. Marekani, kati ya majaji tisa wa Mahakama ya Juu, wanane walisoma sheria Harvard au Yale. Amy Coney Barrett, aliyeingia mwaka 2020, ndiye pekee aliyetoka kwingine, Notre Dame. Uingereza, utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kwa ushirikiano wa Sutton Trust, shirika la hisani linalopigania usawa wa fursa, ulionyesha kwamba asilimia 71 ya majaji waandamizi walipitia Oxford au Cambridge. Kama ndoto ya binti ni mojawapo ya milango hiyo, na amekwisha kuifikiria vizuri, mzazi azingatie uzito wa jina.

Ila takwimu hizo zisisomwe kana kwamba zinatueleza nani anajua sheria. Zinatueleza pia nani alikuwa mezani akichagua. Aliyechagua alitoka huko huko, na binadamu humwamini upesi anayemkumbusha ujana wake. Hata orodha za ubora wa vyuo, zile ambazo wazazi huzikata magazetini na kuzihifadhi, zina shida hiyo hiyo. Orodha maarufu ya shule za sheria za Marekani, ya chombo cha habari cha U.S. News, kwa miaka mingi iliweka asilimia 40 ya alama zake kwenye sifa tu, yaani maoni ya wahadhiri, mawakili na majaji walioulizwa wanakionaje chuo fulani. Mimi nimewahi kuletewa dodoso la namna hiyo, si la orodha ile. Nilitakiwa kuvipa alama vyuo 30. Nilivyovijua kwa kufanya kazi na wahitimu wake havikuzidi sita. Nikaona si haki kuvipa vingine alama kwa kusikia, nikalirudisha dodoso na mistari 24 mitupu, na sidhani kila mtu hufanya hivyo. Novemba 2022 Yale, iliyozoea kushika namba moja mwaka baada ya mwaka, ilitangaza kujitoa kwenye orodha hiyo, na Harvard ikatangaza siku hiyo hiyo.

Na wazazi wa mabinti wanisikilize hapa. Sandra Day O'Connor alihitimu sheria Stanford mwaka 1952, akiwa miongoni mwa wanafunzi bora wa darasa lake. Kampuni ya uwakili iliyokuwa tayari kumpa kazi ilitaka awe katibu. Akaenda kwa mwanasheria wa kaunti moja ya California, akakubali kuanza bila mshahara. Ruth Bader Ginsburg alianzia Harvard akamalizia Columbia mwaka 1959, akifungana na mwenzake kwenye nafasi ya kwanza darasani, na kampuni za New York hazikumtaka. Wote wawili waliishia Mahakama ya Juu, mmoja mwaka 1981 na mwingine mwaka 1993. Utataja jina gani la chuo kubwa kuliko hayo? Jina halikuweza kumshawishi mwajiri aliyekwisha kuamua mwanamke hafai. Tunasema kizuri chajiuza. Katika miaka yangu yote ya usaili sijaona kizuri kikijiuza pale ambapo hakuna aliyeinua macho kukitazama.

Mwingine ninayemfikiria sana ni Thurgood Marshall, wakili mweusi wa Marekani. Chuo Kikuu cha Maryland hakikupokea watu weusi kwenye sheria, kwa hiyo akasoma Howard, chuo cha watu weusi mjini Washington, akahitimu mwaka 1933 akiwa wa kwanza. Muda si mrefu baadaye, yeye na mwalimu wake Charles Hamilton Houston walikipeleka mahakamani chuo kile kile cha Maryland kwa niaba ya kijana mwingine aliyekataliwa, na wakashinda. Kesi ya mwaka 1954 iliyobomoa ubaguzi katika shule za Marekani ilimkuta ndiye anayewaongoza mawakili wa upande wa wanafunzi, na mwaka 1967 akawa jaji wa Mahakama ya Juu. Houston mwenyewe alisoma Harvard, na alichokipata kule alikuja kukimwaga Howard bila huruma, kwa vijana aliowakazania kama askari. Ndiyo maana mtu akiniuliza chuo gani, mimi huuliza kwanza: nani atasoma kazi za mtoto wako, na atazirudisha zikiwa na wino kiasi gani?

Nchi nazo hazifanani. Ujerumani mwajiri hukuuliza matokeo ya mitihani ya serikali, ambayo hutolewa kwa alama kuanzia 0 hadi 18, na anayefikisha 9 milango mingi humfungukia bila kujali alisomea mji gani. Ni wachache wanaozifikia. England na Wales, tangu mwaka 2021, anayetaka kuwa wakili wa aina ya solicitor, yule anayeshauri wateja na kuwaandalia hati, hufanya mtihani mmoja wa pamoja, SQE (Solicitors Qualifying Examination), ambao sehemu yake ya kwanza pekee ina maswali 360 ya kuchagua jibu, kisha hupimwa kwa vitendo: kuhoji mteja, kuandika barua, kutetea hoja. Anahitaji na miaka miwili ya uzoefu wa kazi, unaoweza kupatikana hata kwenye kituo cha msaada wa kisheria. Shahada yake inaweza kuwa ya fani yoyote. Marekani, kinyume chake, sheria husomwa baada ya shahada ya kwanza, na matokeo ya mwaka wa kwanza wa kusoma sheria huamua mengi. Kwa hiyo kabla mzazi hajakopa, aulize mfumo wa mahali binti anapotaka kufanyia kazi unapima nini.

Kuna swali ambalo hakuna aliyemwuliza mzazi, nalo ndilo la kwanza kwangu: shahada ya chuo hicho ina ithibati? Je, mamlaka inayosimamia mafunzo ya uwakili inaikubali leo, kwa maandishi, na si kwa ahadi ya kwamba "iko mbioni"? Nimewaona vijana waliosoma miaka minne wakaambiwa mlangoni mwa mtihani wa uwakili kwamba shahada yao haitoshi. Hapo jina kubwa au dogo halina tena maana. Baada ya hapo aulize wahitimu wangapi wa chuo hicho hufaulu mtihani wa uwakili mara ya kwanza. Chuo kinachojiamini hutoa namba hiyo bila kuzungukazunguka. Aulize kama kuna kituo cha msaada wa kisheria ambako wanafunzi hukaa na wateja halisi, watu wenye karatasi zilizokunjika mfukoni na hofu usoni, kwa sababu huko ndiko mtu hujifunza kutafuta tarehe katikati ya aya ya tatu. Maktaba, madarasa, majengo, hayo atayaona mwenyewe.

Halafu deni. Hapa naomba nisikilizwe kuliko pote. Deni la masomo huamua kazi ya kwanza ya mtoto kuliko jina la chuo. Nimewahoji wahitimu wa vyuo vikubwa waliotaka kwa moyo wote kuwa waendesha mashtaka au kutetea wafanyakazi, na hawakuweza, kwa kuwa marejesho ya mkopo yalihitaji mshahara wa kampuni kubwa, na kampuni kubwa zina nafasi chache. Mmoja alilia mbele yangu, mtu mzima, mwenye matokeo mazuri kuliko yangu. Binti anayemaliza bila deni anaweza kukubali nafasi ndogo ya mafunzo mahali ambapo atapewa mafaili yake mwenyewe kuanzia mwezi wa kwanza. Baada ya miaka mitano ya mafaili hayo hakuna mwajiri atakayemwuliza alisoma wapi. Kwenye usaili wa mawakili wenye uzoefu, sisi huuliza umeendesha kesi gani, umeandika mikataba gani, jaji gani au mteja gani atakusemea. Chuo kinakuwa mstari wa mwisho wa wasifu, na mara nyingi sifiki huko chini.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, kama chuo kile kidogo kina ithibati na kinafaulisha, binti yako aende kwenye ufadhili. Kama angekuwa wangu, ndivyo ningefanya. Atahitaji kufanya kazi ambayo jina lingemfanyia: ashindane kwenye mahakama za mfano, ambako wanafunzi huigiza kutetea kesi, aandikie jarida la wanafunzi, aombe kazi ndogo za likizo mapema, mwaka wa pili si wa nne, na ahakikishe anao wahadhiri wawili wanaomjua kwa kazi zake na si kwa sura. Mlango wa kwanza utakuwa mzito kwake kuliko kwa mwenzake wa chuo kikubwa. Simfichi hilo.

Uzito huo hauko mikononi mwake wala mwako. Uko mikononi mwetu sisi tunaosoma maombi, nami nawaomba mawakili wenzangu wanaosoma gazeti hili wajaribu msimu mmoja tu: karani aondoe ukurasa wa kwanza. Haigharimu chochote. Kama saa hazitoshi, na najua hazitoshi, basi watu wawili wagawane rundo, au zoezi la nusu ukurasa litangulie kabla ya wasifu. Msimu mmoja tulilitanguliza hivyo, na majibu 300 ya nusu ukurasa niliyasoma kwa jioni nne, na nilijua nimesoma.

Mhariri, nimeambatanisha na barua hii lile zoezi la mkataba wa pango, toleo tuliloacha kulitumia. Naomba umfikishie mzazi yule. Binti alifanye sasa, kabla hata hajaingia chuo chochote, kwa dakika 40 na bila kusaidiwa, kisha aniletee jibu lake kupitia ofisi yako. Nitalisoma lote na kulirudisha likiwa na wino.

Wako,
Wakili na msomaji wa siku nyingi